Baada ya Kisima: Mikono Inayomlea Kiziwi Asiyeona

Hadithi ya Helen Keller huwa inaishia kisimani. Wengi wetu tumeisoma au kuisikia hivyo: mtoto wa miaka sita, haoni, hasikii, mkorofi kupindukia. Mwalimu anamvuta hadi kwenye pampu ya maji, maji yanamwagikia mkono mmoja, na katika kiganja cha mkono wa pili mwalimu anaandika herufi kwa vidole. Mara mtoto anasimama kimya. Ameelewa kwamba kila kitu kina jina. Ilikuwa tarehe 5 Aprili 1887, mji wa Tuscumbia, Alabama, kusini mwa Marekani. Mwaka 1959 William Gibson aliipeleka hadithi hiyo Broadway ikawa tamthilia, mwaka 1962 ikawa filamu, na neno lililobaki vichwani mwa watu ni lile lililo kwenye jina la tamthilia yenyewe: muujiza.

Sina ugomvi na tamthilia. Ila sisi wasomaji wa hadithi tunajua kwamba pale mwandishi anapoamua kuweka nukta, kuna mambo yanabaki nje. Nani alikuwa anaongea na mtoto huyu kabla mwalimu hajashuka kwenye treni? Na mtoto akishapata lugha, anaitumia na nani nyumbani? Maswali haya mawili yanaonekana madogo. Ukiyafuata katika historia ya viziwi wasioona, kuanzia Boston ya karne ya 19 mpaka pwani yetu ya Kilwa leo, unagundua kuwa ndiyo yaliyoamua nani aliishi na nani alififia.

Kabla ya mwalimu

Tuanze na Helen mwenyewe, maana aliandika. Katika tawasifu yake ya mwaka 1903 anamtaja Martha Washington, mtoto wa mpishi wa nyumbani kwao. Wawili hao walikuwa wakishinda jikoni, wakikanda unga, wakigombania bakuli, wakitafuta mayai ya kanga kwenye majani. Martha alizielewa ishara za Helen. Hakufundishwa na mtu, alizizoea tu kwa kucheza. Kwa hiyo Anne Sullivan alipofika tarehe 3 Machi 1887 hakukuta jiwe. Alikuta mtoto mwenye ishara zake chungu nzima, na mtoto mwingine mwenye kuzifahamu.

Rudi nyuma miaka 50. Laura Bridgman alizaliwa Desemba 1829 katika shamba la wazazi wake huko Hanover, New Hampshire. Alipokuwa na miaka miwili homa kali iliingia nyumbani, ikaua ndugu zake na yeye ikamwachia mwili bila macho wala masikio. Hata kunusa na kuonja vilibaki kidogo mno. Wazazi walikuwa na kazi za shamba na watoto wengine. Aliyepata muda naye alikuwa jirani, mzee mmoja aitwaye Asa Tenney, mtu ambaye kijiji kilimwona wa ajabu kidogo na ambaye mwenyewe alikuwa na shida ya kusema. Mzee Asa alimchukua mtoto mashambani, akamshikisha maji ya kijito, mawe, majani, wanyama. Waliongea kwa mikono, kwa ishara walizozitunga wenyewe.

Na kabla ya Laura alikuwepo Julia Brace, aliyezaliwa mwaka 1807 na kuingia shule ya viziwi ya Hartford mwaka 1825. Julia alikuja na ishara za nyumbani, pale shuleni akaongeza za viziwi wenzake, akizisoma kwa kushika mikono yao.

Sasa hebu tazama: mtoto wa mpishi, mzee wa kijijini, viziwi wa bweni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na cheti. Historia za elimu huwapita hawa haraka ili zifike kwa madaktari na walimu. Lakini mtoto asiyeona wala kusikia ambaye hajawahi kujibiwa na mkono wowote hana sababu ya kuunyoosha wake. Hawa ndio waliojibu kwanza.

Vibandiko vya Boston

Mwaka 1837 Dk. Samuel Gridley Howe, mkurugenzi wa shule ya wasioona ya Perkins, alimchukua Laura na kumpeleka Boston. Mbinu yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Alichukua vitu vya kila siku, yaani kijiko, kisu, ufunguo, akavibandikia karatasi zenye majina yake kwa herufi zilizoinuka. Laura alipapasa kitu, akapapasa jina. Halafu karatasi zikabanduliwa, akatakiwa kurudisha kila jina kwenye kitu chake. Halafu majina yakavunjwa kuwa herufi mojamoja, akatakiwa kuyaunda upya. Kwa majuma kadhaa alifanya kama mtu anayecheza mchezo asioujua maana. Kisha siku moja akaelewa. Hapo akafundishwa herufi za vidole, ambazo mtu huziandika ndani ya kiganja cha mwenzake.

Januari 1842 Charles Dickens alipita Boston, akamwona msichana huyu, na mwaka huohuo akaandika habari zake katika kitabu chake cha safari ya Marekani. Wapenzi wa vitabu tushike hapo. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mama mmoja huko Alabama, Kate Keller, alisoma kurasa hizo za Dickens huku binti yake akivunja vyombo chumba cha pili. Kutokana na kusoma kule ndipo familia ilipoanza kutafuta: wakaenda kwa daktari Baltimore, kutoka hapo kwa Alexander Graham Bell, naye akawaelekeza Perkins. Perkins wakamtuma Anne Sullivan, binti wa miaka 20 aliyelelewa katika nyumba ya maskini, ambaye macho yake yaliharibiwa na trakoma, ugonjwa uleule wa vikope unaojulikana vizuri hapa Tanzania.

Na Anne alijifunza wapi kuongea kwa vidole? Kwa Laura Bridgman. Pale Perkins walikaa nyumba moja, Laura akiwa tayari mtu mzima, na yeyote aliyetaka kuongea naye ilibidi ajue herufi za vidole. Tena mwanasesere ambaye Anne alimpelekea Helen alikuwa amevaa nguo zilizoshonwa na Laura. Mkono wa Laura ulifika Tuscumbia kwa njia mbili. Muujiza wa kisimani ulikuwa na shangazi yake, na huyo shangazi alikuwa kiziwi asiyeona.

Laura anarudi nyumbani

Sehemu hii haisimuliwi sana, na kwangu mimi ndiyo kiini.

Mwaka 1850 masomo rasmi ya Laura yalikwisha. Alikuwa na miaka 20, maarufu kuliko wanawake wengi wa wakati wake. Wakubwa wa shule waliona amefika mwisho, basi arudi kwao akaishi na familia. Inaonekana ni jambo la haki kabisa: mtoto amesoma, arudi kwa mama.

Laura akarudi Hanover. Shamba lilikuwa lilelile na watu walikuwa walewale, wenye upendo na wenye kazi nyingi. Lakini pale Boston alikuwa akiongea kutwa nzima na walimu na wanafunzi ambao vidole vyao vilikuwa vyepesi. Nyumbani hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kukaa chini, kushika kiganja chake na kumwandikia habari za siku herufi kwa herufi. Akaanza kudhoofu. Hamu ya chakula ikamtoka, mwili ukaisha, ikafika mahali watu wakahofia maisha yake. Shule ikatuma mtu kwenda kumchukua. Marafiki, akiwemo Dorothea Dix, wakasaidia kupatikana kwa fedha za kumweka Perkins moja kwa moja, na huko aliishi mpaka alipofariki mwaka 1889.

Tukisema ukweli, Laura hakuugua kwa kukosa elimu. Aliugua kwa sababu elimu alipewa yeye peke yake. Lugha ni kitu cha watu wawili. Ukimpa mmoja ukamwacha wa pili, umempa mtu ufunguo wa nyumba ambayo haijajengwa.

Wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kuomba msaada wa shangazi na majirani. Kwa mtoto kiziwi asiyeona methali hii ni maelezo ya kazi, neno kwa neno.

Huku kwetu: sikio hapa, jicho kule

Tanzania ilianza elimu ya watoto wenye ulemavu kwa mkono wa makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwaka 1963. Ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Kila moja ilikuwa hatua kubwa na ina wahitimu wa kuionea fahari. Ila angalia zilivyojengwa. Shule ya wasioona hufundisha kwa sikio: mwalimu anasema, mwanafunzi anasikiliza, kisha anachoma maandishi yake ya nukta nundu. Shule ya viziwi hufundisha kwa jicho: mwalimu anatumia lugha ya alama, mwanafunzi anatazama. Mtoto asiye na jicho wala sikio akipelekwa shule ya kwanza ataambiwa huyu ni kiziwi, apelekwe kwa viziwi. Akipelekwa ya pili ataambiwa huyu haoni. Hakuna aliyemfukuza, na bado yuko nje ya geti.

Hata hesabu zetu zimemkata vipande viwili. Dodoso la sensa linauliza habari ya kuona katika swali moja na kusikia katika swali jingine. Majibu yakitangazwa hivyohivyo, mtoto mmoja anaonekana mara mbili, kila mara nusu. Ndiyo maana watu wanaofanya kazi hii wameng'ang'ania kwamba kuwa kiziwi asiyeona ni ulemavu wa aina yake. Uziwi ukijumlishwa na kutoona haukupi jibu, kwa sababu kila kimoja kinaondoa njia ambayo mwenye kingine angeitumia.

Njia ikaanza kufunguka kidogokidogo. Kenya ikapata shule ya viziwi wasioona huko Kabarnet, Baringo. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko imepokea viziwi wasioona pamoja na watoto wengine, na jina lake limejieleza. Shirika la Sense International limefanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, likisisitiza jambo ambalo Boston ya 1850 ililikosa: mzazi na mwalimu wafundishwe pamoja na mtoto, na ikibidi mwalimu aende nyumbani. Na viziwi wasioona wa Tanzania wana chama chao, TASODEB, ambacho kimo ndani ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu.

Sasa tulete suala hili Miteja. Kwa asiyeijua, Miteja ni kata ya wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, upande wa kaskazini wa wilaya. Ukienda Dar es Salaam unapita Somanga, unavuka mto Rufiji, safari ya zaidi ya kilomita 200. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki cha udongo kwa miaka, na watu wa huku wanakumbuka mabasi yaliyolala kwenye tope siku mbili tatu. Lami ikaja. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vikaikata barabara tena.

Ninaitaja barabara kwa sababu ndiyo inayoamua aina ya elimu. Tumchukue mtoto wa kufikirika, msichana wa miaka tisa wa Miteja. Tuseme bahati imemwangukia, amepata nafasi Dar. Muhula mzima anashika mikono ya walimu, anajua alama ya maji, chakula, choo, rafiki, bado, kesho. Likizo ya Juni anapanda basi. Nyumbani wanampokea kwa machozi, bibi anambusu, mama mkubwa anapika wali wa nazi. Kisha mtoto ananyoosha mkono, anafanya alama ya maji. Hakuna anayeijua. Anarudia. Wanamletea andazi. Anarudia mara ya tatu kwa hasira, na jirani anasema, "Huyu mwanenu huko alikopelekwa kaharibika."

Huyo ni Laura Bridgman, ila kwenye mkeka. Tofauti ni kwamba Boston ilituma mtu kumrudisha.

Kinachowafikisha hapo

Neno kuhusu sababu, maana vijijini bado kuna mama anayenyooshewa kidole. Watasema jini, watasema amelogwa, watasema alivunja mwiko akiwa mjamzito. Mama mwenyewe anaanza kuamini, mtoto anafichwa chumba cha uani.

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aligundua kwamba watoto wengi waliomjia na mtoto wa jicho tangu kuzaliwa walikuwa na mama waliougua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Rubela kwa mtu mzima ni vipele na homa ndogo, wiki moja umesahau. Kwa kiumbe kilicho tumboni ni macho, masikio na moyo. Mlipuko wa mwaka 1964 na 1965 nchini Marekani ulikadiriwa kuwaugua watu milioni 12.5, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara yake. Mlipuko huo ndio uliolazimisha nchi nyingi tajiri kufungua madarasa ya viziwi wasioona. Tanzania ilianza chanjo ya surua na rubela kwa kampeni kubwa ya Oktoba 2014 iliyolenga watoto zaidi ya milioni 20. Maana yake, vijana wengi walio na miaka kumi na kitu au zaidi leo walizaliwa na mama ambao hawakuwahi kupata kinga hiyo.

Sababu nyingine zipo: homa ya uti wa mgongo, surua, kuzaliwa njiti, na hali ya kurithi iitwayo Usher, ambayo mtu huzaliwa kiziwi halafu katika ujana anaanza kutoona usiku, kisha duara la kuona linajifunga polepole. Kijana wa namna hii anajua lugha ya alama vizuri kabisa, ila jioni giza likiingia anajikwaa, watu wanamcheka. Halafu kuna uzee. Bibi mwenye mtoto wa jicho na masikio mazito naye yumo kwenye historia hii, ingawa hakuna anayemwita kwa jina hilo.

Mwaka 2018 Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona lilikadiria kwamba wenye hali hii kwa kiwango kikubwa ni asilimia 0.2 ya watu, na ukijumlisha wenye nafuu wanafika asilimia 2. Kwa hiyo si hadithi ya Alabama tu.

Mkono chini ya mkono

Mafunzo yenyewe yanakuwaje? Watu wakisikia neno "mafunzo" wanawaza ukumbi, chati na posho. Mengi ya haya yanafanyika sakafuni, na pwani tuna vifaa vyake tayari.

La kwanza ni namna ya kushika. Kawaida yetu ni kuukamata mkono wa mtoto kwa juu na kuupeleka tunakotaka. Kwa asiyeona wala kusikia, huko ni kuburutwa na mtu asiyejulikana kwenda kusikojulikana. Wataalamu hufundisha kinyume: weka mkono wako chini, wa mtoto uwe juu ya wako. Mkono wako ukikuna nazi, wake unasafiri nao, unahisi mwendo, unahisi mbuzi anavyotikisika, na wakati wowote anaweza kuutoa. Jambo dogo hili linabeba mengine makubwa. Mtoto aliyezoea kukamatwa na kila mtu hajui kwamba mwili wake ni wake, na akiwa kijana hatajua kukataa mkono mbaya. Aliyezoea kuombwa anajua.

La pili ni utambulisho. Kila mtu wa nyumbani awe na alama yake ya kuguswa, ileile kila siku: bibi na bangili zake, baba na kofia, dada na kipini cha puani. Kabla ya kufanya lolote unajitambulisha. Kwa watu wetu hili si geni. Tunafundisha watoto kumshika mkono mkubwa na kuubusu, na shikamoo yenyewe huelezwa kuwa imetokana na kushika miguu. Salamu yetu ilikuwa mguso kabla haijawa sauti.

La tatu ni siku kuwa na mpangilio. Katika miaka ya 1960 Mholanzi Jan van Dijk, akifanya kazi na watoto waliozaliwa na madhara ya rubela huko Sint-Michielsgestel, aliona kwamba mtoto asiyeona wala kusikia anaishi katika mishtuko: anabebwa, analowanishwa, analishwa, bila onyo. Akaanza kutumia vitu vya kugusa kama matangazo, vikiwa vimepangwa kwa mfuatano. Ukivihamishia Kilwa, sanduku dogo lenye vyumba linatosha. Chumba cha kwanza kata ya maji, maana yake kuoga. Cha pili kipande cha ukili, maana yake kukaa na bibi kusuka. Cha tatu kipande cha wavu, maana yake kwenda pwani. Tukio likiisha, kitu kinafunikwa. Mtoto anajua kilichopita na kinachokuja. Anapata jana na kesho, na asiye na jana na kesho hawezi kusimulia hata hadithi moja.

La nne ni kazi. Kusuka mkeka ni sanaa ya vidole, na mafundi wa kweli wanasuka huku wanapiga soga, hata hawaangalii. Kwa nini kijana asiyeona ashindwe? Kukuna nazi, kupepeta, kufuma wavu, kulisha kuku: yote haya mkono unaweza kuyasoma. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima mwenye subira ya kurudia mara 100 bila kumpokonya kazi mikononi ili "imalizike haraka".

Na hapa kuna faida moja ya kuchekesha. Umeme ukikatika, sisi wenye macho tunatafuta kibatari, viziwi wanaoona wanasitisha mazungumzo. Wanaoongea kwa kushikana mikono wanaendelea kama kawaida.

Maneno ni ya nani?

Kwa sisi wa fasihi kuna kisa kimoja hakistahili kupita. Helen Keller akiwa na miaka 11 aliandika hadithi fupi kuhusu mfalme wa jalidi, akampelekea mkurugenzi wa Perkins kama zawadi. Ikachapishwa. Ikaja kugundulika inafanana mno na hadithi ya mwandishi mwingine, Margaret Canby, ambayo Helen alisomewa kwa vidole miaka kadhaa kabla na kuisahau kuwa si yake. Mwaka 1892 mtoto huyu aliwekwa mbele ya jopo la watu wazima wa shule, mwalimu wake akatolewa nje, akahojiwa kama mwizi. Hakuandika hadithi ya kubuni tena.

Kisa kile kinauliza swali linalotuhusu sote: nani kati yetu ana neno ambalo hakulipokea kutoka kwa mtu mwingine? Tofauti ya Helen ilikuwa kwamba mikono iliyompa maneno ilihesabika. Ya kwetu ni mingi, hatukumbuki. Alimaliza chuo cha Radcliffe mwaka 1904, akaandika vitabu maisha yake yote, na mwaka 1951 akafika Afrika Kusini akihutubia juu ya elimu ya wasioona na viziwi.

Vijana wanachukua usukani

Kwa muda mrefu historia hii ilisimuliwa na wanaosikia na kuona. Mwaka 2001, huko Auckland, New Zealand, viziwi wasioona waliunda Shirikisho lao la Dunia. Walikuwemo wakati Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu unaandikwa, mkataba uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 24 inawataja viziwi wasioona waziwazi, hasa watoto, na kutaka wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mzazi wa Miteja akienda ofisi ya elimu ya wilaya haendi kuomba sadaka.

Mwaka 2007 huko Seattle, wanawake wawili viziwi wasioona, aj granda na Jelica Nuccio, walianza kuendesha mafunzo bila wakalimani wanaoona katikati. Wakaacha kusubiri kuletewa habari, wakaongea moja kwa moja, mwili kwa mwili: kiganja, bega, goti. Ukiongea, mwenzako anakugonga taratibu gotini kuonyesha anafuata, anakwaruza kidogo kuonyesha anacheka. Kutoka hapo imekua lugha inayoitwa Protactile, iliyozaliwa katika mguso badala ya kuazimwa kutoka kwa macho.

Na kutoka ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki kuna Haben Girma. Mama yake aliikimbia Eritrea wakati wa vita. Kaka yake Haben, naye kiziwi asiyeona, alikosa shule Asmara. Haben alizaliwa Marekani mwaka 1988, alipata walimu, nukta nundu na kompyuta, na mwaka 2013 akawa kiziwi asiyeona wa kwanza kuhitimu sheria Harvard. Watoto wa tumbo moja. Kilichowatenga pale mwanzo ni ardhi waliyozaliwa na mikono waliyoikuta. Katika tawasifu yake ya mwaka 2019 hataki kuitwa shujaa aliyeushinda ulemavu. Anasema kinachotakiwa kushindwa ni vizuizi tunavyoviweka sisi.

Hapo ndipo tamthilia ya kisimani inapotudanganya kidogo. Inatufanya tusubiri mwalimu mmoja wa ajabu ashuke kwenye basi pale barabarani. Mwalimu anahitajika, tena mwenye mafunzo na mshahara unaofika kwa wakati. Lakini atafika Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Kuanzia Ijumaa jioni mtoto atanyoosha mkono kuuliza maji yako wapi, na atakayekuwa karibu ni bibi, au binamu wa miaka saba, au muuza mihogo wa jirani. Hao ndio wa kufundishwa kwanza. Alama kumi za mwanzo zinajifunzwa mchana mmoja, chini ya mwembe, na ya kwanza iwe maji.